Mazutu ya Uani kwa Zubeda

Mtaa mzima wa Buyenzi haukuwa na mtu aliyesoma sana kwa faida ndogo kama Yahaya. Miaka sita alikaa Baku, enzi za Warusi, akivumilia baridi ya kukata masikio, akisomea jinsi mafuta yanavyokaa ndani ya mwamba na jinsi yanavyokubali kutoka. Akarudi Bujumbura na shahada yenye muhuri mwekundu, akapewa meza wizarani, akaambiwa asubiri. Wazungu wakaja wakatoboa visima bondeni Rusizi, hawakupata cha kuwatajirisha, wakafunga virago. Tangu hapo kazi ya Yahaya ikawa kugonga mihuri kwenye vibali vya wachimba mchanga na wafyatua matofali. Mtaa ukambandika jina: Petroli. Watoto walimwita hivyo, wauza duka walimwita hivyo, na hata imamu aliwahi kuteleza ulimi. Yeye alicheka pamoja nao, lakini jina lile lilimchoma, na anayesema jina la namna hiyo halichomi basi bado hajabandikwa lake.

Mwaka wa tisini na saba nchi ilikuwa imeingia mwaka wa pili wa ambargo. Majirani walikuwa wamefunga mipaka, na mazutu, yale mafuta mazito ya malori na mashine, yalikuwa yakiuzwa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, kwa kunong'onezana, kama dawa ya magendo. Milimani risasi zililia siku hii, zikanyamaza siku ile. Asubuhi watu wakikutana waliulizana kwanza mazutu yamefika wapi, habari za risasi zikafuata baadaye.

Mtu mmoja tu ambargo ilimkuta amejiandaa, naye ni Twahiru, jirani wa Yahaya wa uzio kwa uzio, mwenye mashine ya kusaga mihogo na mahindi. Twahiru alikuwa na pua ya kunusa shida kabla haijabisha hodi. Alinunua tanki kuukuu la lori bovu, akalizika uani kwake kando ya uzio wa mabati, akalijaza lita elfu tatu, akafukia. Kilichobaki juu ni shingo ya bomba tu, ikichungulia chini ya mabati upande wa Yahaya. Alificha kwa ustadi mkubwa, hata fundi wa kuchomelea hakumwita alikague tanki, asije akaitoa siri mdomoni. Hapo ndipo alipokosea, kwani tanki lile lilikuwa na mshono uliooza, likaanza kuvuja siku ileile lilipofukiwa, na mwenyewe hakuwahi kujua. Mwezi wa tano, akiwa anavisha mashine mkanda, moyo wake ulisimama.

Zubeda mkewe akaingia eda, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hatoki nje ya ua wake. Shangazi yake Sikuzani, mwanamke wa maneno makali na moyo laini, alihamia ndani kumtunza. Siku ya hitima kaka yake Zubeda, Tajudini, aliyefanya biashara Rumonge huko kusini mwa ziwa, alisema neno lake mbele ya watu wote. Eda ikiisha atakuja. Akikuta mashine inasaga na inajilisha yenyewe, dada yake abaki Bujumbura na nyumba yake. Akikuta imelala, ataibeba, na Zubeda ataondoka naye, kwani Rumonge mazutu yanafika kwa mitumbwi kutoka Kigoma, na mjane hawezi kukaa peke yake katika mji wa vita akitazama chuma kilichokufa. Halikuwa neno baya. Tajudini alimpenda dada yake, ila alimpenda kwa haraka, kama alivyofanya mambo yake yote.

Wiki tatu baadaye mazutu ya pipa la kando ya mashine yaliisha. Népomuscène, mwendesha mashine, aliyekuwa amekimbia vita vya mtaa wa Kamenge na kupewa chumba hapohapo uani, akafukua kifuniko cha tanki na kutumbukiza fimbo. Ikatoka kavu. Akaitumbukiza tena, ikatoka kavu. Sikuzani akaangua kilio kana kwamba Twahiru amekufa mara ya pili.

Yahaya alikisikia kilio kile akiwa anakunywa chai. Akazunguka, akabisha hodi mlangoni kama desturi, akasimama na Népomuscène juu ya lile shimo. Aliomba mchanga wa chini ya tanki. Akaletewa konzi moja, akaunusa, akaufinya, vidole vikang'aa. Akauliza wakichimba kisima pale uani maji yanapatikana wapi. Mita nne, akajibiwa. Basi Yahaya, ambaye tangu arudi Baku hakuwahi kuulizwa jambo alilolisomea, alihisi kitu kikimpanda kifuani hadi kooni, na kilikuwa furaha, japo kufurahi pale kulikuwa aibu.

"Hayakupotea," alisema. "Mafuta hayapotei. Yameshuka hadi kwenye maji, yanaelea juu yake ndani ya mchanga. Iko kisima cha petroli hapa, shemeji. Kidogo, lakini iko."

Alisema hayo akielekea mlango wa nyuma, ambako palikuwa pametundikwa pazia. Nyuma ya pazia alikaa Zubeda na shangazi yake, na ndivyo ilivyokuwa miezi yote iliyofuata. Yahaya hakuingia ua ule bila Népomuscène kuwapo, wala hakuvuka pazia. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo aliitwa shemeji, na shemeji ana mipaka yake.

Wakachimba. Népomuscène alikata mapipa matano ncha zote, akayatoboa matundu pembeni, akayashusha moja juu ya jingine ili mchanga usiporomoke. Kwenye mita nne wakakuta maji, na juu ya maji tabaka la mazutu, upana wa kiganja, rangi ya chai isiyo na maziwa. Mtaa ulikuja kuchungulia juu ya mabati. Siku ile Petroli lilikuwa jina la heshima hadi magharibi.

Kisha Yahaya akatoa sheria yake, na mtaa ukarudi kumcheka. Alikataza kuchota zaidi ya lita kumi kwa siku. Tano asubuhi, tano alasiri, kwa kopo lililofungwa kamba, polepole, bila kuyatikisa maji. Lita kumi zilitosha mashine kusaga saa tano. Watu walitaka isage kutwa nzima, foleni ya wenye mihogo ilifika barabarani, na Yahaya alisimama na kopo lake kama mtu anayepima uji wa mgonjwa.

"Huyu anachota mazutu na kijiko ya chai," Sikuzani alisema nyuma ya pazia, kwa sauti iliyokusudiwa kufika. "Twahiru angekuwa hai angekufa tena."

Zubeda ndiye aliyeuliza sababu. Sauti yake ilikuwa ya chini, isiyo na haraka, na ilikuwa mara ya kwanza Yahaya kuisikiliza kama sauti. Miaka yote ya ujirani aliisikia ikikaribisha wageni na kuita kuku, akaipita. Sasa haikuwa na uso wala mikono, ilikuwa sauti peke yake, nayo ilikuwa ikimuuliza jambo analolijua kuliko mtu yeyote nchini.

Akamweleza. Alisema watu wanadhani mafuta hukaa chini kama maji kwenye mtungi, unatumbukiza kata unachota. Si hivyo. Yamo ndani ya vijitundu vya mwamba kama maji ndani ya ukoko wa ugali, na hayatoki mpaka kitu kiyasukume. Kwa hiyo mtu wa mafuta, kabla ya kuuliza ni mengi kiasi gani, huuliza nini kinachosukuma. Pengine ni gesi iliyomo ndani ya mafuta yenyewe, kama Fanta: unafungua, inaruka kwa kishindo, na baada ya kishindo imekufa. Mafuta ya namna hiyo hujitoa kwa haraka na kuchoka kwa haraka, na katika madebe matano unapata moja. Pengine gesi imekaa juu, kama hewa uliyoipampu kwenye taa ya karabai, nayo inakandamiza mafuta yashuke kuelekea kisimani, hapo unaweza kupata hata mawili. Na pengine ni maji, yanayokuja kutoka chini na pembeni, polepole, yakichukua nafasi ya kila tone linalotoka.

"Ya maji ndiyo mazuri kuliko yote," Yahaya alisema. "Hapa kwetu gesi hakuna. Kuna maji tu. Ukiyapa muda, yanaweza kukutolea hata nusu. Ukivuta kwa nguvu, maji yenyewe yanapanda chini ya kisima kama kichuguu, yanakata njia, mazutu yanabaki pembeni yamenata kwa mchanga. Hapo hata ulie machozi ya damu hayatoki."

Zubeda akauliza ile nusu nyingine inakwenda wapi.

"Inabaki, shemeji. Kila mara inabaki."

"Kumbe hata nyinyi mulisoma munaacha nusu chini," alisema Zubeda, na Yahaya akasikia kwamba anatabasamu. Alirudi kwake akiwa mwepesi wa mwili, akasahau kofia yake juu ya ukingo wa kisima.

Alimpa Zubeda kazi ya kupima. Alimchongea ufito mrefu, akamwonyesha, kupitia kwa Sikuzani, jinsi ya kuupaka sabuni ya kufulia kabla ya kuutumbukiza: penye maji sabuni huyeyuka, penye mazutu hubaki, na kwa hiyo ufito ukitoka unasoma wazi tabaka linaanzia wapi na kuishia wapi. Zubeda alipima kila siku baada ya swala ya alfajiri na baada ya alasiri, ua ukiwa hauna mwanaume, akaandika vidole vingapi kwenye daftari la shule. Mtu aliye edani ana saa nyingi. Yeye alizitia kwenye daftari.

Yahaya naye alikuwa na nadharia yake. Kinachosukuma, alisema, ni ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa yanapenya mchangani hadi Buyenzi na kuinua kila kitu. Ilikuwa nadharia nzuri, yenye michoro. Ila ziwa lilikuwa likishuka tangu mwezi wa sita, kiangazi kimekauka, na Yahaya alikuwa akingoja kwa huzuni tabaka lianze kushuka nalo. Halikushuka. Wiki nne lilikaa palepale, vidole vitatu, vinne, vitatu.

"Shemeji," Zubeda aliuliza asubuhi moja mwezi wa saba, "ile ziwa iko inajua Ijumaa?"

Yahaya hakuelewa. Sikuzani akampitishia daftari chini ya pazia. Kila Ijumaa alasiri ufito ulisoma vidole vinne au zaidi. Jumamosi ulibaki juu, Jumapili ukaanza kurudi, hadi Ijumaa nyingine. Wiki nne, bila kukosea hata moja. Yahaya alilitazama daftari lile, akainua macho, na mbele yake, juu ya ukuta wa ua, akaona mnara wa msikiti. Nyuma ya ukuta uleule, mita kumi na tano kutoka kisimani, palikuwa na mabomba ya kutawadhia, na chini ya mabomba shimo ambamo maji yake huzama ardhini. Siku za kawaida walitawadha watu thelathini. Ijumaa walikuja mia tano.

Alicheka hadi akakaa chini. Yeye, aliyefundishwa na maprofesa watatu wenye ndevu, alikuwa akisaka kani ya ziwa zima, kumbe kani yenyewe ni miguu ya waumini. Na kila Ijumaa yeye mwenyewe aliinama kwenye mabomba yale, akanawa, akasukuma mazutu ya Zubeda kwa maji ya udhu wake, asijue. Népomuscène, ambaye alikuwa Mkatoliki, alisema ikiwa ni hivyo Waislamu wasali zaidi. Sikuzani aliona hilo ndilo neno la kwanza la akili kutoka kwa yule kijana. Yahaya aliikunja michoro yake ya ziwa na kumwambia Zubeda, kwa heshima yote, kwamba amemsahihisha.

Ni wakati huo, na si kabla, ndipo Yahaya alipojua yaliyompata. Alikuwa mgane wa miaka mitano, aliyedhani mambo hayo yamefungwa pamoja na mkewe Yasmina kaburini. Sasa alikuwa akitoka wizarani mapema, akipita barabara fupi, akitaka kusikia mtu nyuma ya pazia akimsomea vidole. Alimpenda. Hakuweza kusema, mwanamke yuko edani, na kumposa mwanamke edani ni haramu, hata mtoto mdogo anajua. Zaidi ya hayo alianza kujitilia shaka. Lita kumi kwa siku, je, ni elimu ile ya Baku, au ni mtu anayetaka kisima kisiishe? Alipiga hesabu upya mara tatu, akaona ni elimu. Hata hivyo hakuwa na uhakika kwamba angelikubali jibu jingine.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane Tajudini alikuja na msafara wa magari, akaleta pampu ya mota aliyoiazima. Yahaya alikuwa wizarani. Tajudini alitazama kopo na kamba, akasikitika kwa niaba ya dada yake, akashusha bomba lake kisimani. Zubeda alimwomba angoje, akamweleza habari ya kichuguu cha maji, na Tajudini akamjibu kwa upole kwamba hayo ni maneno ya mtu aliyesoma mafuta katika nchi isiyo na mafuta. Akawasha. Kwa nusu saa mazutu yalitiririka, pipa likakaribia kujaa, majirani wakapiga vigelegele. Kisha rangi ikapauka. Kisha yakaja maji, meupe, safi, mengi, kama ya bomba la barabarani.

Yahaya aliporudi aliikuta pampu imezimwa na Tajudini amekaa juu ya jiwe, mikono katikati ya magoti. Hakumkaripia. Aliangalia kisimani, akasema pafunikwe, pasichotwe tone kwa siku kumi, kichuguu kilale chenyewe. Zubeda akatoa amri hiyo kwa kila mtu, pamoja na kaka yake, na sauti yake haikuwa ya chini. Siku kumi walisubiri, mashine ikila lile pipa. Kisha mazutu yakarudi, lakini kidole kimoja na nusu. Kilichokatwa kilikuwa kimekatwa. Tajudini alikwisha kurejea Rumonge, na neno lake la hitima alikuwa hajalibadilisha.

Siku moja mwezi huo, muhuri ukiwa mkononi na kibali cha mtu wa matofali mbele yake, Yahaya alipiga hesabu nyuma ya bahasha. Walikwisha kutoa karibu lita elfu moja kati ya elfu tatu. Kwa kisima kilichojeruhiwa, hayo yalikuwa mavuno ya kujivunia. Mengine yamenata, na yanayotoka bado yangekoma wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa. Eda ilikuwa inaisha tarehe ishirini na tatu.

Wiki tatu zilipungua, na katika wiki tatu hizo angempoteza.

Kumpa mazutu waziwazi hakukuwezekana. Mwanaume kumletea mwanamke wa edani bidoni kila wiki, mtaa ungesema, na Zubeda angekataa. Na Tajudini angesema, kwa haki, kwamba mashine inayolishwa na jirani haijilishi. Basi Yahaya aliuza baiskeli yake, na siku chache baadaye ikaonekana ikiendeshwa na kinyozi. Alinunua bidoni kwa madereva kule karibu na soko. Jumatatu, aliporudi kutoka swala ya alfajiri, alipiga magoti kwenye uzio upande wake, akaingiza mpira kwenye ile shingo ya bomba, akayamimina mazutu ndani ya tanki bovu la Twahiru, yavujie mchangani, yafike kisimani yenyewe.

Na alijua anachofanya, hapo ndipo penye kichekesho. Hakuna mtu Burundi aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba katika kila bidoni tatu anazomimina, moja tu ingetoka, na mbili zingenata kwenye mchanga milele. Kama mwanafunzi wake angefanya hivyo angemfukuza darasani. Alimimina Jumatatu ile, akamimina Jumatatu ya pili na ya tatu. Mashine ikaendelea kusaga. Wenye mihogo wakaendelea kupanga foleni na kumcheka kwa kopo lake.

Zubeda aliendelea kupima na kuandika. Mara moja tu aliuliza, kupitia pazia, kama siku hizi shemeji anakwenda kazini kwa miguu. Yahaya akajibu kwamba tairi imetoboka.

Eda iliisha siku ya Jumanne. Asubuhi Zubeda alioga, akavua nguo nyeupe, akavaa kitenge cha kijani, na pazia likashushwa na Sikuzani kwa mikono yake. Tajudini alikuwa amefika jana yake na lori, akapita kizuizi cha Musaga bila taabu, na kesho yake alipaswa kurudi na msafara wenye askari. Alimwita Yahaya. Walisimama wote uani, mashine ikiunguruma, Népomuscène akimimina mahindi. Yahaya alimwona Zubeda uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Alikuwa amekonda. Hakujua aangalie wapi, akaangalia kisima.

Tajudini alizungumza kiungwana. Alisema pampu ile ilimfundisha adabu, na leo hatatoa neno kabla ya mwenye elimu. Akauliza: kisima hiki kingali na mazutu, ama kimekwisha? Jibu la Yahaya ndilo atakalolifuata, mashine na dada yake vibaki au viondoke.

Yahaya alikuwa amejiandalia jibu hilo kwa wiki tatu. Lilikuwa neno moja tu, kingalipo. Mashine ilikuwa ikinguruma hapo kuwa shahidi wake. Alifungua mdomo.

"Kabla hujajibu," Zubeda alisema, "mi niko na swali."

Alikuwa ameshika daftari. Hakulifungua.

"Ijumaa najua nani anasukuma, ni watu ya swala. Lakini tangu mwezi ya tisa uanze, Ijumaa hakipandi tena. Kinapanda Jumanne. Wiki ya kwanza Jumanne, ya pili Jumanne, na leo asubuhi Jumanne. Nimefikiri sana nani ananawa Jumatatu. Shemeji, we ulinifundisha tuulize kwanza nini kinasukuma. Nauliza."

Népomuscène alizima mashine. Pengine alitaka kusikia, pengine mahindi yalikuwa yamekwisha. Yahaya akaona kwamba anaweza kudanganya kaka, na mtaa, na wizara, lakini hawezi kumdanganya mtu aliyejifunza kusoma ufito.

"Ni mi," alisema.

Tajudini akauliza yeye nini.

"Kisima kimekwisha, tangu tarehe tano. Toka hapo mi ndiye nilikuwa namimina, kupitia ile bomba ya marehemu." Alijua kwamba sasa anaibeba mashine kwa mikono yake mwenyewe na kuipakia kwenye lori, na mwenye mashine pamoja nayo, ila ukweli ukishaanza kutoka haurudi. "Sikutaka muondoke. Sikutaka dada yako aondoke. Sikuwa na haki ya kusema, na sasa nimesema. Munisamehe."

Tajudini alisugua kidevu. Halafu alisema, bila ubaya, kwamba neno ni neno, naye alilisema mbele ya watu wa hitima. Mashine itaondoka. Rumonge itapata mazutu, itasaga, na Népomuscène kama anataka atakwenda kuiendesha. Népomuscène alisema anataka, ana ndugu kule.

"Ichukue, kaka," Zubeda alisema. "Ni chuma. Twahiru aliipenda, mi nilikuwa naifagilia unga tu. Itasaga kwako na utanitumia unga, mi nitauza hapa. Lakini ulisema mashine ikiwa imelala na mi naenda. Hiyo ulisema we. Mi sikusema."

Tajudini alimtazama dada yake, kisha akamtazama Yahaya, aliyekuwa amesimama na mikono yenye mazutu, asiyejua kama amefukuzwa au bado. Yahaya mwenyewe alidhani amefukuzwa. Alikuwa akitafuta namna ya kuaga kwa adabu, akageuka kuelekea mlango wa barabarani.

"Yahaya."

Hakusema shemeji. Yahaya alisimama.

"Kaka ndiye walii wangu wa kuniozesha, sina mwingine. Kesho asubuhi anaondoka na msafara, na ile barabara ya Rumonge haifunguliwi kila siku. Kama uko na wazee wa kutuma, uwatume leo, kabla ya alasiri."

Tajudini akaguna, akasema kwamba basi atangoja, na kwamba Sikuzani apike kitu. Yahaya akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule. Aliosha mikono mara mbili kwa sabuni na harufu ya mazutu haikutoka. Akaondoka nayo hivyohivyo kwenda msikitini, kutafuta wazee wawili ambao walikuwa hawajalala usingizi wa mchana.